Milioni 40 za madarasa mawili: zilipita mikononi mwa nani Arusha

Ubaoni hesabu hii haina shida. Serikali ikitumia shilingi 100, na kila anayepata shilingi 100 za ziada akatumia 80 na kuweka 20, basi 100 inazaa 80, 80 inazaa 64, 64 inazaa 51 na kitu, hivyo hivyo mpaka jumla inafika 500. Kizidishi, yaani mara ngapi shilingi ya kwanza imejizidisha, ni 5. Kidato cha tano wanaipenda kwa sababu jibu linatoka zima, halina mkia wa desimali. Tunaifundisha kwa Kiingereza kama mtaala unavyotaka, halafu kengele ikishalia tunaeleweshana kwa Kiswahili.

Niliifundisha hivyo miaka mingi. Mwaka 2021 nikateuliwa kuingia kamati ya mapokezi ya shule yetu, nikakabidhiwa kaunta buku na kuambiwa kazi yangu ni kuhesabu mifuko ya saruji inaposhuka kwenye gari. Nilihesabu mifuko. Nikajikuta nahesabu na shilingi.

Kwanza pesa zenyewe zilitoka wapi. Septemba 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 567.25 kwa Tanzania, kama shilingi trilioni 1.3, kwa ajili ya kukabiliana na athari za UVIKO-19. Sehemu ya fedha hizo ilipangwa kujenga vyumba 15,000 vya madarasa nchi nzima, 12,000 vya sekondari na 3,000 vya shule shikizi, yaani vituo vidogo vilivyo chini ya shule mama, kila chumba shilingi milioni 20. Hiyo ni bilioni 300 zilizotakiwa kuingia ardhini kabla ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kuripoti Januari 2022. Shule yetu, iliyo pembezoni mwa jiji la Arusha, ilipata vyumba viwili. Milioni 40.

Utaratibu ulikuwa fosi akaunti. Hakuna mkandarasi. Pesa inaingia akaunti ya shule, shule inanunua vifaa yenyewe na kupatana na mafundi wa mtaani, na mambo yanasimamiwa na kamati tatu: manunuzi, mapokezi na ujenzi. Huu utaratibu una lawama zake, na nyingine ni za haki. Ila kwa anayetaka kuona pesa ya serikali inavyotembea ni zawadi, maana kila shilingi inatokea mlango mmoja na kila mlango una risiti.

Na hali ya mji ilikuwaje? Mwaka 2019 nchi ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Takwimu hiyo mahali pengine ni habari ya gazetini. Arusha ni vijana waliokaa vijiweni na Land Cruiser zilizoegeshwa mpaka matairi yakakaa upande. Kufikia Oktoba 2021 wageni walishaanza kurudi, lakini kazi haikuwa imewafikia wote. Katika saidia fundi 11 waliokuja siku ya kwanza kuchimba msingi wetu, wanne walikuwa wapagazi wa mlimani. Mmoja alikuwa bado amevaa viatu vya kupandia, soli imeachia mbele kama mdomo wa kambare.

Nawataja hao wanne kwa sababu nadharia yote imesimama juu ya watu kama wao. Mwanauchumi Richard Kahn alipoandika kuhusu jambo hili mwaka 1931, na mwenzake Keynes alipolijengea nyumba mwaka 1936, walikuwa wanaitazama Uingereza iliyojaa watu wasio na kazi. Swali la Kahn lilikuwa jepesi: serikali ikimwajiri mtu kwenye barabara, wangapi wengine watapata kazi kwa sababu yake? Na kitu ambacho vitabu vyetu vya mtihani hukipita haraka ni kwamba Kahn tangu mwanzo alitoa kwenye hesabu yake pesa inayochomoka njiani, ikiwemo ya bidhaa za kuagiza kutoka nje. Hakuahidi 5.

Sasa kaunta buku. Nimezungusha tarakimu kidogo ili zifuatike.

Duka la vifaa vya ujenzi lilichukua milioni 21.5: saruji, nondo, bati, misumari, rangi, vyuma vya madirisha na vioo. Mchanga, kokoto, mawe na tofali, milioni 6. Mbao, milioni 3. Seremala wa meza na viti, milioni 2.5. Ufundi, kuanzia msingi mpaka lipu, milioni 7.

Anayesikia milioni 40 zimeingia kata yetu anaona milioni 40. Mimi nilijaribu kuuliza kila mlango: hapo kwako kilibaki nini, baada ya kumlipa uliyemnunulia? Mwenye duka alicheka, kisha akanionyesha. Saruji inatoka kiwandani, na kiwanda hakiko Arusha. Bati zimekunjwa Dar es Salaam kwa chuma kilichokuja na meli. Ndani ya zile milioni 21.5, kama milioni 3.3 ni kodi ya ongezeko la thamani kwa asilimia 18, yaani serikali ilitoa kwa mkono mmoja ikapokea kwa mwingine kabla rangi haijakauka. Na zaidi ya hapo kuna asilimia 2 ya kodi ya zuio tunayotakiwa kukata tunapomlipa anayeuzia taasisi ya serikali. Kilichobaki dukani kwake, faida pamoja na ujira wa wapakiaji, alinikadiria milioni 1.8. Sina sababu ya kumwamini sana wala ya kutomwamini.

Kwenye mchanga na kokoto kulibaki kama milioni 4.5, nyingine ilikuwa dizeli. Mbao zilitoka upande wa West Kilimanjaro, kwa hiyo milioni 2 zilivuka mkoa na hapa ikabaki 1. Seremala alibaki na milioni 1.2. Ufundi milioni 7 zilibaki zote, maana mafundi walikuwa wa hapa hapa.

Jumlisha: milioni 15.5. Kati ya kila shilingi 100 za mradi, hazifiki 39 zilizogeuka kuwa kipato cha mtu wa Arusha katika mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili haujaanza bado.

Mzunguko wa pili ulianzia chini ya mgrevilea, nje ya uzio, kwa mama lishe mmoja ambaye kabla ya hapo aliuza vitumbua asubuhi na kurudi nyumbani saa nne. Siku ya tatu ya msingi alileta sufuria la maharage. Wiki ya pili alikuwa anauza sahani 25 kwa siku, shilingi 1,500 kila sahani, na amemleta binti wa dada yake aoshe vyombo. Nilikuwa nakaa pale nikisubiri magari, nikamwuliza 37,500 za siku zinakwenda wapi. Alizitaja bila kufikiri, kama mtu anayesoma ada. Maharage ya Karatu, kutoka soko la Kilombero. Unga. Mchicha wa jirani anayemwagilia bondeni. Mkaa. Mafuta ya kupikia, na hayo mengi yanatoka ng'ambo. Sukari ya chai ya asubuhi inatoka kiwanda cha TPC, kwa hiyo angalau haikwenda mbali, iliishia Moshi. Binti 3,000 kwa siku. Na 2,000 ya kikoba.

Hapo ndipo unapoona kizidishi kikipumua. Shilingi ya serikali ikawa ya fundi, ya fundi ikawa ya mama, ya mama ikawa ya mwenye bustani ya mchicha ambaye hata hajui kama kuna darasa linajengwa. Na unaona pia inapochomoka: mafuta, muda wa maongezi, petroli ya bodaboda, mtumba.

Linganisha na mwenye lori la mchanga. Huyu alipata pesa nyingi kuliko saidia fundi yeyote, na nilipomwuliza amefanyia nini, akasema amepunguza deni la lori benki. Ni jambo la busara kwake. Kwa mzunguko wa mwaka ule, pesa hiyo ililala. Saidia fundi aliyelipwa Ijumaa alikuwa hana kitu Jumatatu, na watu hulisema hili kama aibu, lakini kwa hesabu tunayoifanya yeye ndiye injini. Tukisema kizidishi cha mradi fulani ni kadhaa, tunazungumza kana kwamba namba hiyo imefungiwa ndani ya mradi. Haimo humo. Imo katika mifuko ya watu wa mkono wa pili: nani analipwa, anadaiwa na nani, na duka lake la kwanza liko wapi.

Kisha pesa ikakwama. Malipo ya ufundi yalikuwa kwa hatua: msingi, boma, lenta, kupaua. Boma likaisha, malipo ya hatua hiyo yakakaa wiki mbili yakisubiri saini katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Pesa ilikuwepo, kwenye akaunti, salama kabisa. Mafundi waliendelea kwa sababu tarehe ya mwisho ilikuwa inatukimbiza sote, na waliendelea kula.

"Mwalimu," akaniambia yule mama siku ya tisa, "hawa vijana wako wanakula kwa karatasi. Karatasi hainunui maharage."

Karatasi ilikuwa daftari la mkopo. Yeye naye alikuwa ameshakopa magunia mawili kwa mtu wa Kilombero, na mtu wa Kilombero bila shaka alikuwa anadaiwa Karatu. Ubaoni tunachora mishale: serikali, kipato, matumizi, kipato. Kila mshale unamsubiri aliyetangulia. Pale chini ya mti mishale ilikuwa imepishana. Matumizi yalitangulia kipato kwa siku 14, yakibebwa na mwanamke ambaye mtaji wake wote haukufika laki mbili. Aliyeifadhili serikali kwa wiki mbili zile, ukilitazama vizuri, ni yeye, na hakulipwa riba. Siku ya tisa hiyo hiyo alipunguza maharage kwenye sahani, na ya kumi na moja alimrudisha binti nyumbani. Saini ilipopatikana binti alirudi, lakini siku zile tatu za 3,000 hazikurudi. Ucheleweshaji unaweza kuonekana kama kuahirisha tu. Kwa wanaoishi kwa siku, sehemu ya mahitaji yaliyoahirishwa hufa.

Turudi kwenye hesabu, na hapa natumia makadirio yangu mwenyewe. Katika kila shilingi 100 iliyoingia kwenye mifuko ile ya Arusha, nadhani 80 zilitumiwa, na katika hizo 80 nusu tu iligeuka kipato cha mtu mwingine wa hapa. Yaani 40. Basi milioni 15.5 inazaa 6.2, inayozaa 2.5, inayozaa 1, mpaka jumla inakaribia milioni 25.8. Gawa kwa 40: kizidishi cha Arusha ni 0.65.

Niliirudia mara mbili nikidhani nimekosea. Chini ya moja! Serikali imemwaga 40, mji umepata 26.

Lakini hesabu ya mji si hesabu ya nchi. Pesa iliyokwenda kiwanda cha saruji haikupotea, imekuwa mshahara wa mtu mwingine, mahali pengine. Kwa Tanzania nzima tutoe kwanza vilivyonunuliwa nje, chuma cha bati, mafuta, malighafi za rangi. Tukisema milioni 9, zinabaki 31. Halafu tuweke viwango vya kudhania: watu wanatumia 0.8 ya kipato kilichobaki baada ya kodi, kodi inachukua 0.15, na 0.25 ya kila shilingi ya kipato inakwenda kununua vya nje. Moja gawa kwa moja toa 0.68 jumlisha 0.25, ambayo ni 0.57, unapata kama 1.75. Mara 31, ni milioni 54. Kwa nchi, basi, 40 ilizaa karibu 54, yaani 1.35 kwa moja. Badilisha viwango vyangu kidogo na jibu litahama, ila sijapata namna ya kuvibadilisha kwa uaminifu nikarudi kwenye 5. Ile 5 ni ya nchi isiyo na kodi, isiyo na bandari na isiyo na petroli ya kuagiza.

Namba hizi nazo zina sharti ambalo mchanga ulinifundisha. Tulipoanza, tripu ya mchanga ilikuwa 180,000. Kufikia Novemba ilikuwa 230,000, lori lile lile, machimbo yale yale. Nondo zikapanda, bati zikaadimika. Haikuwa ajabu: nchi nzima ilikuwa inajenga vyumba 15,000 kwa wakati mmoja, kila kamati ya manunuzi ikipiga simu zile zile. Fundi wa kupaua alitubadilishia bei akiwa ameshapanda juu ya kenchi, akijua fika hatuna pa kwenda. Lakini ujira wa saidia fundi haukusogea hata shilingi mia, maana kila asubuhi langoni kulikuwa na vijana kumi zaidi wakiuliza kama kuna kazi.

Kiwanja kimoja, wiki ile ile. Palipokuwa na mikono isiyo na kazi, pesa ya serikali ilileta kazi. Palipokuwa na upungufu, ilileta bei. Tripu nne za mwisho za mchanga zilitugharimu laki mbili zaidi ya makisio na hazikuongeza ndoo hata moja ya mchanga duniani. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema matumizi ya serikali daima yanapandisha bei tu, na sikubaliani na wale wa jukwaani wanaosema daima yanakuza uchumi. Laiti tarehe ya mwisho ingesogezwa hadi Machi, naamini milioni 40 zile zile zingenunua mchanga zaidi na kelele kidogo. Ila watoto wangeanzia wapi Januari? Hapo uchumi unanyamaza, anaamua mtu mwingine.

Kuna jambo moja dogo ambalo karibu nilisahau kuliandika. Miaka iliyotangulia, kila Novemba mtendaji alipita nyumba kwa nyumba na daftari la michango ya madarasa. Mwaka ule hakupita. Kwa hiyo pesa ya serikali haikuongeza matumizi tu, iliziba pia pengo ambalo zamani lilizibwa na wazazi. Ukitaka kupima ilichoongeza kweli, inabidi utoe madarasa ambayo yangejengwa kwa michango hata hivyo, kisha ujumlishe kile ambacho wazazi walifanyia pesa iliyobaki mfukoni. Jirani yangu mmoja aliezeka banda la ng'ombe. Bati la kuagiza tena, lakini fundi wa hapa.

Siku hizi mazungumzo ya mjini ni uwanja wa mpira wa Olmoti, wa watu 30,000, unaojengwa kwa ajili ya AFCON 2027 tutakayoandaa na Kenya na Uganda. Mkataba wake uliosainiwa mwaka 2024 ni wa kama shilingi bilioni 286, na mkandarasi ni kampuni ya Kichina. Mwanafunzi mmoja alinizidishia bilioni 286 mara 5 kwenye jaribio, kwa mwandiko mzuri. Nikampa alama zote, kwa sababu aliyelitunga swali ni mimi na nilisema MPC, yaani sehemu ya kila shilingi ya ziada inayotumiwa, ni 0.8, basi. Lakini nilimwomba Jumamosi aende langoni pale ahesabu mama lishe wangapi wanauza, na awaulize wanauza sahani ngapi. Alirudi na jibu refu kuliko lile la karatasi.

Yule wetu alifunga jiko lake katikati ya Desemba, lipu ilipokauka. Matumizi ya mara moja hutoa msukumo wa mara moja. Alirudi kwenye vitumbua, akiwa na masufuria mawili mapya na daftari lenye majina matatu ambayo hayajafutwa. Wawili walimlipa wiki ya Krismasi, malipo ya mwisho yalipotoka. Wa tatu alikuwa yule mpagazi wa viatu vya mdomo wa kambare. Msimu wa mlima ulishaanza kurudi, akaitwa usiku, akapanda na kundi kabla ya siku ya malipo, na sahani zake tisa zikabaki daftarini.

Februari mama akanionyesha simu. Shilingi 13,500 zimeingia, na ujumbe: "Mama, zile sahani tisa." Alikuwa ameshuka na wageni na kupewa bahshishi. Nilipofika nyumbani nilifungua kaunta buku nikajaribu kuiingiza. Chakula kililiwa kwa sababu ya pesa ya serikali. Kililipwa kwa pesa ya mtalii. Nina safu moja ya mradi na nyingine niliyoiandika "vya nje", na hiyo 13,500 mpaka leo imekaa katikati ya mstari.